Mbegu Hufia Shingoni: Jinsi ya Kuutunza Mtungi wa Naitrojeni

Mwaka wangu wa kwanza wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu ya dume iliyogandishwa, kuna boma moja kule Mau Narok ambako ng'ombe watatu walirudi joto, yaani hawakushika mimba, mmoja baada ya mwingine, siku 21 kamili tangu niwahudumie. Mzee mwenye boma hakunigombeza. Aliniwekea kiti juani, akanimiminia chai, kisha akaniuliza taratibu, "Daktari, hii mbegu unayotuletea ni ya dume ama ni ya maji?"

Mimi si daktari. Nina cheti cha uhimilishaji, yaani kupandisha ng'ombe kwa mkono, pikipiki, na mtungi wa lita 3 wa naitrojeni ya maji ambamo mbegu hukaa kwenye baridi. Lakini huku Njoro kwetu, ukishavaa glavu ndefu ya kufika begani, wewe ni daktari, na lawama ni zako.

Nilirudi nyumbani nikalaumu dume. Kesho yake nikalaumu malisho ya mzee, kisha aliyeniuzia mbegu. Ilichukua miezi miwili na jicho la mhimilishaji mwenzangu wa zamani kuliona kosa langu. Alinitazama nikitafuta mrija wa mbegu: nainua kanista, kile kikopo kirefu kinachoshika mirija, hadi nje, naisogeza karibu na macho, nasoma majina ya madume kama mtu anayesoma karatasi ya bili. Akaniambia, "Dada, hapo ushaua." Nikamwambia moshi bado unatoka, baridi ipo. Akacheka. "Moshi unatoka, ndiyo. Lakini mbegu haifii ndani ya mtungi. Hufia shingoni, pale mtungi unapobana chini ya mdomo."

Nawaandikia waliomaliza kozi juzi, na vikundi vya maziwa vinavyotaka kununua mtungi wao wenyewe. Jinsi ya kuingiza mkono na kuipata shingo ya mfuko wa uzazi mtafundishwa na ng'ombe wenyewe. Mimi nitakaa kwenye mtungi.

Kwanza ujue umebeba nini. Naitrojeni imo kwenye hii hii hewa tunayovuta. Zaidi ya robo tatu ya hewa, asilimia 78, ni naitrojeni. Wakulima huniuliza inapikwaje, nami huwajibu kwamba ni kama chang'aa, ila kwa upande wa baridi. Hewa hugandamizwa, hupozwa, kisha huachiwa itanuke ghafla ikazidi kupoa, tena na tena, mpaka inakuwa maji. Halafu maji hayo huachwa yachemke polepole ndani ya mnara mrefu, na kila kitu hutoka kwa zamu yake: naitrojeni kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, agoni kwenye −186, oksijeni kwenye −183. Mjerumani Carl von Linde ndiye aliyeifanya kazi hii iwe ya kiwanda, mwaka 1895. Agoni wanayochomelea chuma cha pua mafundi wa jua kali, na oksijeni nyingi ya mitungi mirefu, hutoka kwenye mapishi hayo hayo.

Sasa shika neno moja: inachemka. Naitrojeni iliyo mtungini mwako inachemka usiku na mchana, hata ukiwa umelala. Kwake yeye, chumba chako cha nyuzi 20 ni jiko lenye moto mkali. Kazi ya mtungi ni kuupunguza moto huo tu, hauwezi kuuzima. Ndiyo maana mtungi una kuta mbili, na kati ya kuta hizo hakuna hewa. Ni wazo lile lile la chupa ya chai, ambalo James Dewar alilibuni mwaka 1892 kwa ajili ya kazi hii hii ya gesi zilizopozwa. Chai ilikuja baadaye. Na kwa kuwa inachemka, lazima mvuke upate pa kutokea. Kifuniko cha mtungi hukaa kwa kulegea, na hivyo ndivyo kilivyotengenezwa. Usikikaze, usikizibe kwa mpira, usikifunge kwa plastiki ati kisipoteze. Lita moja ya naitrojeni ya maji hugeuka kuwa karibu lita 700 za gesi. Ukiifungia kwenye chupa ya soda au ya chai umetengeneza bomu.

Turudi shingoni. Chini kabisa, kwenye naitrojeni yenyewe, ni −196. Ukipanda, joto linapanda nawe, tena haraka. Urefu wa kidole kizima chini ya mdomo wa mtungi, tuseme sentimita 8, mtungi mzuri una kama −80. Ukifika sentimita 2 au 3 chini ya mdomo ni −20 hivi. Mdomoni penyewe ni kama ndani ya friji ya soda. Mrija wa mbegu una robo au nusu ya mililita tu, mwembamba kama kijiti cha kiberiti kilichorefushwa, kwa hiyo hupokea joto kwa sekunde chache. Ukipita karibu −79 madhara yameanza, na ukiirudisha chini hayafutiki. Hujumlishwa. Mrija ulioinuliwa mara kumi, kila mara ukaharibika kidogo, siku ya kumi na moja unaonekana mzima kabisa. Una jina la dume, una rangi yake, una barafu. Ndani hakuna kitu.

Kinachoua ni maji. Chembe ya mbegu ina maji, na maji yakiganda vibaya hutengeneza fuwele zenye makali zinazopasua utando. Mwaka 1949 huko Mill Hill, London, Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walipata dawa yake, na walivyoipata hunifurahisha kila nikiisimulia. Walikuwa wamejaribu sukari ya matunda kwenye mbegu ya jogoo, haikufaa. Baada ya miezi wakarudia na chupa ile waliyokuwa wameihifadhi, na safari hii mbegu ikaamka ikiogelea. Walipoichunguza wakakuta haina sukari hata kidogo. Lebo zilikuwa zimechanganyikana, na kumbe chupa ilikuwa na gliserini na ute wa yai. Hadi leo mbegu ya ng'ombe hugandishwa na gliserini ndani yake. Gliserini huzuia zile fuwele zisikue, lakini ni pale tu unapobaki chini kabisa kwenye baridi kali. Ukiipandisha nusu njia na kuirudisha, fuwele hupata nafasi ya kukua upya. Nusu njia ndiyo shingo.

Basi fanya hivi.

Kabla ya kugusa kifuniko, ujue unatafuta nini na kiko wapi. Mimi nina kipande cha karatasi kimebandikwa ubavuni mwa mtungi kwa gundi ya selotepu, nimeandika kanista ya 1 hadi ya 6, kila moja na madume yake na idadi ya mirija. Nikitoa mmoja, nafuta kwa penseli papo hapo. Kama kuna jambo moja tu utakalolichukua kwangu liwe karatasi hiyo, kwa sababu mbegu nyingi hufa wakati mtu anatafuta, si wakati anatoa. Jina la dume lisomwe kwenye karatasi. Kwenye mrija unalihakikisha baada ya kuyeyusha.

Andaa kila kitu kingine kwanza: ng'ombe amefungwa, maji ya kuyeyushia yako tayari, bunduki (ile fimbo ya chuma ya kupandishia) imepashwa, mkasi na tishu viko mkononi. Mtungi hufunguliwa mwisho.

Ukiufungua, ingiza ncha ya kibano shingoni kidogo ipoe. Inua kanista, lakini juu yake isipite ule mstari wa barafu unaouona ndani ya shingo. Inamisha kichwa uchungulie. Usiilete kanista kwako. Hapo anza kuhesabu. Mimi huhesabu "Njoro moja, Njoro mbili," kwa sababu kutamka hivyo ni sekunde nzima, na mkulima hucheka. Ukifika Njoro nane hujaupata mrija, shusha kanista yote hadi ndani ya naitrojeni, subiri sekunde 20, ndipo uanze tena. Usijidanganye kwamba umebakiza kidogo tu. Ukiupata, uvute, uutikise mara moja ili tone la naitrojeni lililokwama kwenye pamba litoke (lisipotoka mrija unaweza kupasuka majini), na uzamishe kwenye maji moto papo hapo. Shusha kanista, funga mtungi, ndipo uangalie saa.

Maji yawe nyuzi 35 hadi 37, na mrija ukae humo sekunde 40 hivi. Nunua kipimajoto. Kiganja kinadanganya, hasa asubuhi za Julai kule juu Molo na Mau Narok, ambapo mkono wenyewe ni barafu na maji ya nyuzi 28 unayaona kama moto. Wenyeji wengi hukuletea maji yanayochemka ndani ya chupa ya chai. Changanya na ya baridi mpaka kipimajoto kikubali. Kuna mama mmoja wa Elburgon aliniletea chupa, nikamimina, yakatoka majani ya chai. "Pole mwanangu, nilidhani unataka kunywa." Tulianza upya.

Tunayeyusha haraka kwa sababu ile ile: kuyeyusha polepole ni kuzipa fuwele muda wa kukua. Wengine bado huweka mrija mfukoni, au kinywani, wakisubiri uyeyuke. Achana na hayo.

Toa mrija, ufute ukauke kabisa. Tone moja la maji likiingia linaua mbegu, kwa kuwa chembe hunyonya maji yale hadi zinavimba. Soma jina, mwonyeshe mkulima. Mrija huingia kwenye bunduki upande wa pamba ukitangulia. Ncha ya pili, iliyofungwa, ikate sawasawa, si mshazari, mbegu isije ikavuja pembeni. Bunduki uwe umeisugua kwa tishu hadi ipate joto, na kutoka hapo mpaka kwa ng'ombe ibebe ndani ya shati, kwenye ngozi. Mbegu iliyokwisha kuamka ikipigwa tena na chuma baridi inazimia. Una dakika 10, ukichelewa sana 15. Kwa hiyo ukiwa na ng'ombe wawili, yeyusha mmoja, maliza, ndipo wa pili. Nimeona watu wakiyeyusha mirija minne pamoja kwa ajili ya haraka, ng'ombe wa nne akapandishwa na supu.

Kuhusu saa ya kupandisha sitasema mengi: aliyeonekana amesimama akipandwa na wenzake asubuhi, apandishwe jioni, aliyeonekana jioni, asubuhi.

Sasa kipimo. Naitrojeni haina geji ya kuangalia kama mafuta ya pikipiki. Chukua rula ya mbao au ya plastiki iliyo nyeusi, ishushe hadi chini ya mtungi, hesabu Njoro kumi, itoe uipunge hewani. Sehemu iliyokuwa kwenye naitrojeni itafanya barafu nyeupe, na hapo ndipo unasoma. Usitumie bomba lenye tundu. Naitrojeni itaruka juu kupitia humo kama chemchemi mpaka usoni. Mimi huagiza mapema. Chini ya sentimita 5 mirija iko hatarini, na hiyo si siku ya kupanga safari ya mbali, ya Olenguruone.

Lakini rula inakuambia leo tu. Kinachokuambia kama mtungi unaumwa ni mizani. Lita moja ya naitrojeni ina uzito wa kilo 0.8. Kila Jumatatu mimi hupitia kituo cha kukusanyia maziwa, naomba mizani wanayopimia maziwa, naupima mtungi wangu, naandika kwenye daftari. Wangu wa lita 3 hupoteza chini ya kilo moja kwa wiki nisipoufungua-fungua. Naujua kama ninavyoujua uzito wa mtoto wangu. Mizani hiyo hiyo nakwenda nayo kichwani siku ya kujaza: mtungi mtupu ukiongezeka kilo 2.4, nimepata lita 3. Ukiongezeka kilo 1.6 nimeuziwa lita 2 kwa bei ya 3, na sote tunajua hilo hutokea.

Mtungi mpya, au uliokauka, usiujaze kwa pupa. Ukuta wake wa ndani una joto la chumba, na naitrojeni ikiugusa hulipuka kwa kuchemka na kukurukia. Mimina kidogo, ngoja moshi utulie, mimina tena. Uache kutwa nzima, uujazie tena, ndipo utie mirija.

Wakati wa kumimina, suruali ikae nje ya gamuti. Wengi huchomeka, wanapenda kuonekana nadhifu. Tone likiteremka ndani ya gamuti halina pa kutokea na linakaa na mguu wako. Tone linaloteleza kwenye ngozi tupu mara nyingi hukimbia bila kuunguza, kwa kuwa linaelea juu ya mvuke wake. Linalonywewa na kitambaa ndilo linalochoma. Kwa hiyo glavu ziwe za ngozi na pana, uweze kuzirusha kwa mtikiso mmoja, na pete ibaki nyumbani. Ukiungua, maji ya vuguvugu, usisugue, nenda hospitali.

Hatari kubwa zaidi haichomi. Chukua gari la Probox, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi, mtungi wa lita 3 umewekwa nyuma. Pale penye mashimo unapinduka. Lita 3 zikichemka zote ni gesi lita 2,100, na ndani ya gari kuna nafasi ya kama lita 3,000. Oksijeni inashuka kutoka asilimia 21 hadi karibu nusu ya hapo. Haina harufu wala rangi, na haikabi koo, kwa maana mwili hujua umekosa hewa hasa kwa kuhesabu kabonidayoksaidi, si oksijeni. Hutahisi kitu; utasinzia ukiwa kwenye usukani. Kwa hiyo vioo vishushwe, mtungi usimame wima umefungwa, na matatu usiupandishe kabisa. Kwenye pikipiki wangu husafiri ndani ya kreti ya mbao iliyozungushiwa sponji ya godoro kuukuu, maana mtikisiko wa barabara huharibu ile nafasi tupu kati ya kuta. Nyumbani unakaa stoo, kwenye kivuli, dirisha wazi, juu ya ubao na si kwenye simenti yenye unyevu, mbali na watoto.

Binamu yangu anafanya kazi kwenye maabara huko Kisumu, na huniambia kazi yetu ni moja, ila yeye hutunza damu na vimelea. Vimelea vya malaria navyo hugandishwa na gliserini vikaamka baada ya miaka. Kule Siaya watoto wachanga walijaribiwa chanjo iliyotengenezwa na vimelea hai vilivyodhoofishwa kwa mionzi, na chanjo hiyo ilisafirishwa ndani ya mvuke wa naitrojeni, maana friji ya kawaida ingeiua. Yeye ana kengele inayolia baridi ikipungua. Ana jenereta, ana mtu wa zamu. Nilimwuliza wana wasiwasi gani basi, akajibu, "Mtu kuinua kisanduku na kukisahau mezani akijibu simu." Shingo tena.

La mwisho ni jasho. Ukiamka ukakuta shingo au bega la mtungi kwa nje lina umande, au barafu, na hujaujaza leo, ile nafasi tupu kati ya kuta imeingia hewa. Mtungi umekufa. Hamisha mirija saa hiyo hiyo kwenye mtungi mwingine wowote, hata wa mshindani wako, hata kama hamsalimiani. Mimi niliuona umande huo asubuhi moja ya Mei. Nikasema ni mvua ya jana. Nilikuwa na wito wa ng'ombe wawili Mauche, nikafuta kwa kitambaa nikaondoka. Saa kumi jioni rula ilitoka kavu. Mirija 58, mingine ya zaidi ya shilingi elfu moja kila mmoja. Sikutaka kuamini, nikapeleka miwili kwa mtu mwenye hadubini, tukaiyeyusha vizuri kabisa, nyuzi 37, sekunde 40. Aliniachia nitazame mwenyewe. Chembe zilikuwa nyingi, mikia imenyooka, zimetulia tuli.

Niliwapigia simu wakulima watano waliokuwa wamelipia dume fulani, nikawarudishia pesa kidogo kidogo hadi Septemba. Mtungi wenyewe hautengenezeki kwa fundi wa huku. Sasa uko Rongai kwa mama mkwe wangu, anawekea mbegu za maharagwe. Anasema shingo ni nyembamba, fukusi hawajui pa kuingilia.